Shajara ya mradi wa Zamu: kusoma rekodi zilizobanwa, ukurasa kwa ukurasa, Kirumba hadi Nansio

Jumatatu, 8 Januari 2024

Kadi ya kompyuta ya Nansio, kisiwani Ukerewe, imejaa. Kompyuta ndogo iliyofungwa ukutani kwenye chumba cha baridi cha samaki, Raspberry Pi 3 yenye kumbukumbu ya gigabaiti 1 na kadi ya gigabaiti 8, imeacha kurekodi joto tangu alfajiri. Nimeingia kwa ssh, njia ya kuingia kwenye kompyuta ya mbali kupitia mtandao, nikiwa hapa Kirumba, Mwanza, na haikuchukua muda kuona kilichotokea. Fundi wa majokofu alitaka kusoma rekodi za mwaka jana. Akatanua faili za miezi yote kumi na miwili, akaziacha pale pale, kisha akaweka nakala nyingine kwenye folda yake. Simlaumu. Hakuna aliyemwonyesha njia nyingine, na aliyepaswa kumwonyesha ni mimi.

Kwa atakayeusoma mradi huu baadaye: tuna vipimajoto sita, V1 hadi V6, na kila kimoja huandika mstari mmoja kila sekunde 5. Mstari uko hivi:

2023-12-05 02:14:30 V2 -17.8 SAWA

Ukihesabu na alama ya mwisho wa mstari ni baiti 34. Kwa siku isiyo na pengo hiyo ni mistari 103,680, yaani baiti 3,525,120. Desemba peke yake, ikitanuliwa, inavuka megabaiti 109. Ikibanwa kwa gzip, programu ya kupunguza ukubwa wa faili, inashuka hadi kama megabaiti 10, kwa sababu rekodi zinajirudia sana: tarehe ile ile, saa ile ile, joto linalosogea nukta moja au mbili.

Nimefuta zilizotanuliwa, kinasa kimerudi kazini. Pengo ni la saa mbili na dakika 40. Nimeliandika kwenye daftari la mradi.

Jumanne, 9 Januari

Leo nimempigia fundi na nimemfundisha zless kwa simu. Faili linabaki limebanwa kwenye kadi; zless inalitanua kidogo kidogo na kuonyesha skrini moja moja. Kwa ndani zless ni hati fupi tu ya amri inayoiambia less, programu ya kusomea faili kwenye skrini, ipitishe faili kwenye gzip kwanza. Haiandiki chochote kwenye kadi, na kwa kadi yetu hilo ndilo tunalolihitaji.

Lipo na suala la bando. Skrini yetu ina mistari 24, wa chini unatumika kwa maelezo, inabaki 23. Mara 34 ni baiti 782. Hizo ndizo zinazovuka ziwa kila ninapobonyeza kitufe. Kulivuta faili zima la Desemba hadi Kirumba ni megabaiti 10, na mtandao wa kule jioni unasuasua.

Vitufe nilivyompa: kile kirefu cha nafasi kwenda mbele, b kurudi nyuma, mkwaju / kutafuta, n kuendelea kutafuta, g mwanzo wa faili, G mwisho, na q kutoka. Hapo kwenye q tulikwama. Akauliza, "Hiyo ipo wapi, ngosha?" Kiswahili hakina q, na mtu aliyezoea kuandika ujumbe wa Kiswahili haiijui mahali ilipo. Nikamwambia safu ya juu ya herufi, ya kwanza kabisa kushoto. Akatoka. Nimeliandika hili kwa sababu maelekezo yoyote nitakayoyabandika ukutani yaanze na q, si yaishie nayo. Anayejua mlango wa kutokea haogopi kuingia.

Ijumaa, 12 Januari

Sikukuu ya Mapinduzi, mjini kumetulia, nimepata nafasi ya kulishughulikia jambo lililonikaa moyoni tangu Desemba.

Mama anayesimamia zamu ya usiku Nansio alikatwa mshahara wa siku tatu. Mnunuzi mmoja wa minofu ya sangara alikataa sehemu ya mzigo, akadai umeyeyuka ukagandishwa tena. Mzee mwenye chumba akaangalia grafu kwenye simu yake, akaona mlima usiku wa Jumatatu tarehe 4 Desemba kuamkia Jumanne, saa nane na ushee. Akahitimisha kwamba mlango uliachwa wazi. Mama akasema hakuufungua. Neno lake dhidi ya mlima kwenye simu.

Leo nimeifungua Desemba kwa zless, nikatafuta 2023-12-05 02:1, kisha nikaandika &V2. Alama hiyo inaiambia less ionyeshe mistari yenye V2 tu na kuificha mingine yote. V2 iko karibu na koili ya ndani. Nikasoma polepole. Saa nane na dakika 14 inaanza kupanda: -17.8, -17.5, -17.1. Inaendelea hivyo mpaka -11.6, inakaa, inashuka. Dakika 20 kamili. Kwa kipimajoto kimoja dakika 20 ni mistari 240, kurasa kumi na kidogo, na nimeipitia yote kwa kidole kwenye skrini.

Kisha nikabadilisha chujio, &V5. V5 iko mlangoni. Kama mlango ungekuwa wazi, V5 ndiyo ingelia ya kwanza. Usiku huo haikuvuka -17.9.

Halafu nikarudi nyuma, na huku kurudi nyuma ndiko kulikofichua jambo zima. Saa mbili usiku na dakika 14, V2 imepanda vivyo hivyo, dakika 20. Saa nane mchana na dakika 14, vivyo hivyo. Saa mbili asubuhi pia. Kila saa sita. Ni difrosti: mashine inazima ubaridi kwa muda na kupasha koili ili barafu iliyoganda kwenye mapezi iyeyuke, la sivyo hewa haipiti. Hewa inayoizunguka koili inapata joto, minofu iliyoganda ndani ya maboksi haiguswi. Grafu ya simu haioneshi kipimajoto kimoja kimoja. Inachukua kile kilichopanda juu zaidi na kuchora mlima.

Nimempigia mama. "Shikamoo mama." "Marahaba mwanangu, kuna nini sikukuu yote hii?" Nikamsomea mistari. Akanyamaza kidogo, akasema, "Hiyo ni mashine inajiyeyusha. Naisikia kila usiku inavyotiririsha maji. Mbona hawakuniuliza?"

Nimekaa na swali lake hilo jioni nzima. Yeye alikuwa na jibu, rekodi ilikuwa na ushahidi, na vyote viwili vilikuwa ndani ya jengo moja. Kilichokosekana ni yeye kuweza kuifungua rekodi ya zamu yake mwenyewe. Kuanzia leo hilo ndilo lengo la mradi: asimame mbele ya skrini ile, aseme anataka usiku gani na saa ngapi, asome.

Jumapili, 14 Januari

Leo nimesababisha pengo kwenye rekodi, na ninaandika ilivyokuwa.

Nilikuwa nimeunganisha miezi yote ya 2023 kuwa faili moja, kama megabaiti 118 likiwa limebanwa, ili mtu asihangaike kutafuta mwezi. Nikalifungua kwa zless pale pale Nansio, kurasa za kwanza zikaja mara moja. Kisha nikabonyeza G kwenda mwisho.

Less inaposoma faili la kawaida inaweza kurukia popote, maana kadi inaruhusu. Lakini kilichobanwa kinaifikia kupitia bomba, na maji yakishapita bombani hayarudi. Ili kitufe cha b kifanye kazi, less inalazimika kutunza kila kilichopita kwenye kumbukumbu. Mwaka mzima ukitanuliwa unakaribia baiti bilioni 1.29. Kumbukumbu yote ya mashine ni gigabaiti 1. Mashine ikaanza kuhamishia kumbukumbu kwenye kadi, kila kitu kikawa kizito, kinasa kikashindwa kuandika, mpaka mfumo wenyewe ulipoiua less. Dakika 11 hazina rekodi. Nimempigia mama aliyekuwa anaingia zamu, nikamwambia pengo ni langu, na nimeliandika kwa jina langu kwenye daftari.

Ipo hiari ya less, -B, inayoizuia isichukue kumbukumbu zaidi kwa bomba. Inabaki na kilobaiti 64 tu. Nimeijaribu kwenye kompyuta yangu. Inaokoa kumbukumbu lakini kilichopita kimepotea, ukibonyeza b mara kadhaa unafika ukutani. Kwetu sisi haifai. Kesi ya mama ilimalizwa na kurudi nyuma.

Inafaa kukumbuka kwamba less yenyewe ilizaliwa kwa haja hii hii. Programu ya more, aliyoiandika Daniel Halbert kule Berkeley mwaka 1978, ilipeleka msomaji mbele. Mark Nudelman akaandika less miaka ya themanini ili mtu aweze pia kurudi. Sasa kubana kunatunyang'anya tena kile alichotupa.

Jumatano, 17 Januari

Nimeanza kuandika kisomaji chetu kwa lugha ya Python. Ningeweza kukiandika kwa C, na ndani ya zlib yenyewe, maktaba ya kubana na kutanua kwa mtindo wa gzip, Mark Adler ameweka mfano, zran.c, wa jinsi ya kurukia katikati ya faili la gzip. Lakini nataka fundi wa Nansio aweze kukifungua na kukirekebisha siku mimi sipo, na Python ameanza kuielewa.

Tatizo liko hivi. Gzip inabana kwa kukumbuka. Ikikuta maneno iliyokwisha kuyaona, haiyaandiki tena, inaandika tu: rudi nyuma baiti kadhaa, nakili kadhaa. Inaweza kurudi nyuma hadi baiti 32,768, haizidi hapo. Kwa hiyo ukidondokea katikati ya faili, unakuta maelekezo ya kurudi mahali ambapo hujawahi kupita. Huwezi kusoma ukurasa wa 5,000 bila kuwa na kilobaiti 32 zilizoutangulia.

Python ina jambo zuri hapa. Kitanuzi cha zlib, kile kinachoundwa na decompressobj, kina copy(): unakisimamisha popote kilipofika na kuchukua nakala yake hai, pamoja na yote inayoyakumbuka. Nikaamua kuweka kituo kila megabaiti 4. Mwaka mzima ni vituo kama 300, kila kimoja kinakula kilobaiti 40 hivi, jumla megabaiti 12. Ukitaka kurudi nyuma, unachukua nakala ya kituo kilicho karibu na kutanua kutoka pale, megabaiti 4 tu kwa kiasi cha juu.

Imefanya kazi saa tano usiku. Nimeenda mwisho wa mwaka, nimerudi Machi, nimeenda Oktoba, kumbukumbu haikusogea. Nimefurahi sana.

Ijumaa, 19 Januari

Kisomaji kimeanguka kwenye neno moja.

Mama huandika maelezo ya zamu kwenye simu, na yanaingizwa kwenye rekodi kama mistari yake. Usiku mmoja wa Agosti aliandika kwamba taa ya ndani haing’ai. Simu yake, kama simu nyingi, haiweki kibainishi (alama ya ng’) kilichonyooka bali kile kilichojikunja, na hicho katika UTF-8, mfumo wa kuandika herufi kwa baiti, ni baiti tatu: e2 80 99. Mimi nilikuwa nasoma vipande vya baiti 65,536, na kipande kimoja kiliishia katikati ya hizo tatu. Python ikapokea e2 peke yake, ikakataa kuendelea, programu ikafa na terminali ikabaki imevurugika, herufi hazionekani unapoandika. Amri ya reset ndiyo iliyoirudisha.

Dawa ni kitafsiri kinachosubiri, kile cha getincrementaldecoder kwenye moduli ya codecs. Kinashika baiti ambazo hazijakamilika mpaka kipande kinachofuata kifike. Mistari mitatu ya msimbo. Nimeweka ng’ kwenye majaribio yote kuanzia leo: ng’ombe, kung’oa, haing’ai, zikiwa zimekatwa kila mahali panapowezekana kukatika. Programu ya kusoma Kiswahili isiyoiweza ng’ bado haijamaliza kazi.

Kidogo kingine: curses, maktaba ninayoitumia kuchora skrini, hairuhusu kuandika herufi kwenye kona ya chini kulia kabisa bila kutoa kosa. Nimepunguza safu moja.

Jumanne, 23 Januari

Kuna kinachonisumbua. Kisomaji kinafungua haraka ila vituo vinajengwa upya kila kinapofunguliwa, maana nakala za kitanuzi haziwezi kuhifadhiwa kwenye kadi. Python inakataa kabisa. Kwa hiyo anayetaka Desemba anasubiri mashine ipitie kwanza Januari hadi Novemba, dakika moja kasoro kwenye Pi. Mama akisimama pale saa nane usiku, mlango unagongwa na mitumbwi ya dagaa imefika, dakika moja ni ndefu.

Nimeenda soko la samaki la Mwaloni mchana kununua dagaa, na nikiwa nimesimama kwenye foleni ya kupima nikawa nawaza juu ya zile kilobaiti 32. Kama gzip haikumbuki zaidi ya kilobaiti 32, basi siku ya leo haipati karibu chochote kutoka siku ya jana. Kuzibana pamoja mwaka mzima kama mkondo mmoja hakutupi faida. Ningeweza kuzibana kila moja peke yake na kuziunganisha.

Na kuziunganisha kunaruhusiwa. Maelezo rasmi ya umbo la gzip, RFC 1952 ya mwaka 1996, yanasema faili ni mfululizo wa vipande, kimoja baada ya kingine, bila kitu katikati. Yaani:

cat 2023/*.gz > 2023.gz

na hilo ni faili halali. zless inalisoma tangu mwanzo hadi mwisho bila kujua pameunganishwa. Lakini kila kipande kinaanza upya, hakikumbuki kilichopita, kwa hiyo ukijua kinaanzia baiti ya ngapi unaweza kurukia pale moja kwa moja. Faharasa ni faili la maandishi tu: tarehe, nafasi, mistari 365. Inaandikwa mara moja, inakaa kwenye kadi.

Nimefuta msimbo wote wa vituo. Ulikuwa mzuri na ulinifundisha, lakini hauhitajiki tena.

Usiku nimekutana na mtego wake. Kisomaji kilionyesha tarehe 1 Januari kikasema faili limeisha. Kitanuzi cha zlib kinasimama mwisho wa kipande cha kwanza, kinaweka eof, alama ya mwisho, kuwa kweli, na baiti zilizobaki kinaziacha kwenye unused_data. Ni kazi yako kuunda kitanuzi kipya na kukikabidhi zile zilizobaki. Ukisahau, mwaka wako una siku moja.

Faida nyingine niliyoikuta: nimeharibu makusudi baiti chache katikati ya faili. Kwenye mkondo mmoja, kuanzia pale hadi mwisho wa mwaka hakuna kinachosomeka. Kwenye vipande, nimepoteza siku moja. Kwa mashine inayoishi na umeme wa kukatika, hili nalipenda kuliko ile kasi.

Jumamosi, 27 Januari. Nansio

Nimevuka kwa meli ya asubuhi. Ziwa limetulia, visiwa vimekaa wazi. Nimebeba kibodi mpya na karatasi ya maelekezo, q iko juu kabisa.

Nimesubiri mama aingie zamu. Nikamwambia, "Mama, chagua usiku wowote, nitakuonyesha unavyoufungua." Akasema, "Jumatano iliyopita, saa tisa usiku. Nilihisi mashine inatetemeka."

Akaandika tarehe ya Jumatano, 24. Kisomaji kikafungua siku hiyo, akatafuta 03:00:00, ikaja saa tisa usiku. Saa tisa ya usiku uliotangulia. Usiku anaousema yeye, ule ulioanza Jumatano jioni alipoingia kazini, saa tisa yake iko kwenye tarehe 25, kwa sababu mashine inabadilisha tarehe saa sita usiku. Akasoma kurasa mbili, akatikisa kichwa: "Siyo hii. Usiku huu nilikuwa nimepumzika." Na alikuwa sahihi, daftari la zamu linaonyesha hivyo.

Nilianza kumweleza aongeze siku moja kama ni baada ya saa sita, na apunguze sita kutoka kwenye saa, kwamba saa tisa ni 03. Nikiwa katikati ya maelezo nikamwona ananisikiliza kwa heshima tu. Nikanyamaza. Hakuna mtu hapa anayeishi kwa hesabu hiyo. Usiku ni mmoja, unaanza jua likizama na unaisha linapochomoza. Saa zinaanza kuhesabiwa saa kumi na mbili. Kukata rekodi saa sita usiku ni kukata zamu yake katikati, nusu ikabaki kwenye kipande kimoja na nusu kwenye kingine.

Basi tukae na saa zetu. Kipande kimoja kiwe zamu moja. Ya mchana inaanza 06:00, ya usiku inaanza 18:00, zote ni saa kumi na mbili. Kila zamu ina mistari 51,840, baiti 1,762,560.

Nilipokaa kuandika hesabu ya kurukia, nikakuta hakuna hesabu. Saa nane ya Kiswahili ni saa nane tangu zamu ianze. Kwa kila saa kuna mistari 4,320, basi saa nane ni mstari wa 34,560, theluthi mbili za kipande, iwe mchana au usiku. Nambari anayoitamka mama ndiyo nambari inayohitajika. Sikulazimika kuongeza wala kupunguza. Kama umeme ulikatika mistari itapungua, kwa hiyo kisomaji kinarukia pale na kusogea mpaka kikutane na saa yenyewe, lakini mara nyingi kinatua palepale.

Nimeandika mpaka saa saba usiku kwenye meza ya mizani. Mama ameniletea chai ya tangawizi na viazi. Kabla ya kuondoka kwenda kulala nimemwachia kibodi. Akaandika:

usiku jumatano 9

Skrini ikajaa. Akabonyeza nafasi, akasoma, akabonyeza nafasi. Ukurasa wa nne akasimama na kuweka kidole kwenye kioo: V2 ilikuwa inaruka, -17.9, -16.2, -18.0, -16.4, mstari kwa mstari. "Huo hapo mtetemo." Akabonyeza b kuona ulianza lini.

Programu sasa inaitwa zamu.

Alhamisi, 1 Februari

Nimerudi Kirumba, nimeukata upya mwaka wote wa 2023 kwa zamu, vipande 730. Kila kipande kimebanwa kwa gzip -n ili jina na muda wa faili visiingie ndani. Nikaviunganisha, nikataka kuhakikisha kwa gzip -l, na roho ikaniruka: ukubwa uliotanuliwa, 1,762,560. Mwaka mzima umebaki zamu moja?

Nikahesabu kwa njia ndefu, zcat 2023.gz | wc -l, na mistari yote ipo, pungufu ya mapengo tuliyoyaandika kwenye daftari. Mwishoni mwa kila kipande gzip huandika baiti 4 za ukubwa wake, na gzip ya kwenye Pi, 1.10, inasoma zile za mwisho wa faili tu. Kwa hiyo ilikuwa inaniambia ukubwa wa zamu ya mwisho ya Desemba. Kuanzia 1.12 ya mwaka 2022 inatanua na kuhesabu kweli. Nimeandika onyo kwenye maelekezo, kwa herufi kubwa, mtu asije akadhani faili limeharibika akalifuta.

Kwa ukubwa, vipande 730 vimeongeza chini ya asilimia moja. Kila kimoja kina kichwa cha baiti 10 na mkia wa baiti 8, na mwanzo wake haubaniki vizuri mpaka kumbukumbu ijae. Ni gharama ninayoilipa kwa furaha.

Jambo moja nimelishikilia: faili linabaki gzip ya kawaida. Zamu ikifa kesho, zless italisoma, zgrep italipekua, kokote kwenye Linux. Nilishawishika kuhamia zstd, njia nyingine ya kubana, inatanua haraka zaidi, lakini sitaki rekodi inayomtetea mtu itegemee programu yangu ili isomeke.

Jumatatu, 5 Februari

Mzee amekuja mjini kwa shughuli zake, akapita ofisini. Nikamfungulia usiku wa Jumatatu tarehe 4 Desemba, saa 8. Sikuongea. Amesoma V2 kurasa zote kumi, kisha akaniomba nimwonyeshe V5, kisha usiku uliotangulia, kisha mwingine kabla ya huo. Alikaa karibu nusu saa. Ameniambia siku tatu za mama zitarudishwa mwisho wa mwezi, na kwamba atampigia mwenyewe.

Yaliyobaki: kinasa bado kinabana zamu baada ya kuisha, kwa hiyo zamu inayoendelea iko kwenye faili la kawaida na programu ya zamu haijajua kuifungua pamoja na zilizobanwa. Less ina F ya kufuata faili linaloandikwa, nitaiga hiyo. Faharasa inahitaji nakala hapa Kirumba. Karatasi ya ukutani inahitaji kuwekewa plastiki, maji ya barafu yameshailowesha.

Saa nane na dakika 20 usiku wa jana mama alinitumia ujumbe, nimeuona asubuhi:

"V2 -11.9 difrosti, V5 -18.2 mlango umefungwa. Nimesoma mwenyewe nimeandika daftarini. Ile q nimeizoea."